Duara na Mistari Mitatu

Mteja akiingia na kusema anataka kitu kidogo tu, ile alama ya amani, mchora tatuu mzoefu hunyamaza kwanza. Angeagizwa simba angekuwa na pa kujificha: mstari ukiteleza angeugeuza unywele, kivuli kikizidi angesema ni giza la nyasi. Alama ya amani haina nywele wala nyasi. Ni duara na mistari mitatu, basi. Kila aliyewahi kulia sahani anajua duara lilivyo, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza ataona mahali lilipobonyea.

Naistahi kazi hii kwa sababu hiyo. Nataka tuitazame polepole, ilikotoka na inavyochorwa hadi ikakaa mwilini miaka arobaini bado ikisomeka.

Kiswahili kimetutangulia hapa. Neno nembo, tunalolitumia leo kwa alama ya taifa au ya chama, ni lile lile la chale za kabila zilizochanjwa usoni na kifuani. Wamakonde, wa pande zote mbili za mto Ruvuma, huyaita mapambo yao ya ngozi dinembo. Fundi wao alichanja kwa kisu kidogo, akasugua masizi kwenye kidonda kibichi, na kilipopona mchoro ukabaki umekolea buluu nzito. Kwa hiyo tunaposema nembo ya amani imechorwa kwenye ngozi, hatuazimi kitu kwa mtu. Neno limerudi kwao.

Nembo yenyewe, hata hivyo, ilizaliwa kwenye karatasi, Uingereza, Februari 1958. Aliyeichora, Gerald Holtom, alikuwa msanii aliyesomea Royal College of Art. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia dhamiri yake ilimkataza kushika bunduki, akafanya kazi ya shamba huko Norfolk. Mwaka ule wa 1958 kikundi cha wapinzani wa silaha za nyuklia, Direct Action Committee, kilikuwa kinaandaa maandamano ya miguu ya siku nne za Pasaka, kutoka Trafalgar Square, London, hadi Aldermaston, kwenye kituo cha utafiti wa mabomu ya atomiki. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 83. Holtom aliona maneno kwenye vitambaa hayatatosha, akafika na michoro yake kwa watu wa gazeti la Peace News, waliokuwa bega kwa bega na waandaaji.

Aliyewahi kuwa skauti ataelewa mara moja alichokifanya. Katika ishara za bendera za mabaharia, herufi N hufanywa kwa kushusha mikono yote miwili kwa mshazari, mmoja kila upande. Herufi D ni mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa. N na D ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa silaha za nyuklia. Laza moja juu ya nyingine, zungushia duara, umeipata.

Lakini chini ya herufi kuna mtu. Baadaye Holtom alimweleza Hugh Brock, mhariri wa Peace News, kwamba alijichora yeye mwenyewe akiwa amekata tamaa kabisa, mikono imefunguka na kuanguka chini, kama mkulima wa mchoraji Goya mbele ya bunduki. Picha ile ya Goya, ya mauaji ya tarehe 3 Mei 1808, iko katika jumba la Prado mjini Madrid. Ukiitazama utaona mkulima yule ameinua mikono juu, hakuishusha hata kidogo. Kumbukumbu ya Holtom ndiyo iliyomshusha mikono. Jambo hili tuliweke akiba, tutalirudia.

Kwa maandamano yale zilitengenezwa alama za kadibodi 500, kila moja juu ya kijiti. Nusu zilikuwa nyeusi juu ya nyeupe, nusu nyeupe juu ya kijani. Nyeusi zilibebwa Ijumaa Kuu na Jumamosi, za kijani Jumapili na Jumatatu, kama makanisa yanavyobadilisha rangi zake wakati wa Pasaka, kutoka mauti kwenda uhai. Beji za kwanza zilifinyangwa na Eric Austin kwa udongo mweupe, alama ikachorwa kwa rangi nyeusi, zikachomwa tanuruni. Ziligawiwa pamoja na karatasi iliyoeleza kwamba vita vya nyuklia vikipigwa, beji hizo zitakuwa miongoni mwa vitu vichache vya binadamu vitakavyopona ule moto. Mfinyanzi ndiye aliyeweza kuliwaza hilo, kwa kuwa anajua moto unaacha nini.

Holtom hakuiwekea nembo hiyo hakimiliki, na harakati zilizoitumia hazikuisajili kama mali yao. Hadi leo hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa. Michoro ya awali imehifadhiwa na Peace Museum, huko Bradford, Uingereza.

Ilivuka bahari haraka. Mwaka ule ule wa 1958 Albert Bigelow, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la maji la Marekani, aliipeperusha kwenye jahazi lake Golden Rule alipojaribu kuliingiza katika eneo la majaribio ya mabomu Pasifiki. Bayard Rustin, Mmarekani mweusi aliyehutubia Trafalgar Square siku maandamano yalipoanza, hutajwa sana miongoni mwa walioifikisha kwao, ambako baadaye aliratibu maandamano makubwa ya Washington ya 1963. Sisi wa huku tunaweza kuongeza kwamba Rustin huyo huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1962, pamoja na Bill Sutherland na kasisi Michael Scott, na kikosi cha World Peace Brigade kikaweka kambi mjini humo kuunga mkono harakati za Kenneth Kaunda ng'ambo ya mpaka. Sutherland alibaki akawa mkazi wa Dar kwa miaka mingi. Mwaka 1960 wanafunzi wa Chicago nao waliichukua nembo hiyo, wakauza beji kwa maelfu. Kisha vikaja vita vya Vietnam, na askari wa Marekani wakawa wanaichora kwa kalamu kwenye kofia zao za chuma.

Wapo waliosema, na hata kwetu utawasikia, kwamba huo ni msalaba uliovunjwa na kupinduliwa, au unyayo wa mchawi. Maneno hayo yalienezwa Marekani na watu waliouchukia upinzani dhidi ya vita. Aliyeichora anajulikana, alieleza mwenyewe alichochora, na michoro ipo.

Kutoka kofia hadi ngozi hapakuwa mbali. Kabla ya hapo vibanda vya tatuu Marekani vilikuwa vya mabaharia na askari: nanga, mbayuwayu, nguva, moyo wenye jina la mama. Jiji la New York lilipiga kazi hiyo marufuku mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku ikadumu hadi 1997. San Francisco mambo yalikwenda tofauti. Lyle Tuttle, aliyekuwa na chumba chake huko, ndiye aliyemchora mwimbaji Janis Joplin bangili ya kifundo cha mkono mwaka 1970, na baada yake wasichana wakaanza kupanga foleni. Vijana waliokuwa wamevaa beji ya amani kifuani wakaitaka mahali isipovulika. Beji unaweza kuivua ukiwa unakwenda kuomba kazi.

Hapo wachoraji wakajikuta na kazi mpya, ndogo na ngumu.

Tuizungumzie kwanza mashine, maana ina ukoo ambao wasomaji wa umri wangu wataufurahia. Mwaka 1876 Thomas Edison alisajili kalamu ya umeme. Haikuandika, ilitoboa. Sindano ilipanda na kushuka ikiacha vitundu kwenye karatasi, kisha wino ukapitishwa juu ya vitundu hivyo na nakala zikatoka. Ni stensili, mama wa mitihani yetu yote ya shule iliyonuka wino wa mashine ya kurudufu. Samuel O'Reilly, mchora tatuu wa New York, aliitazama akaona kinachotoboa karatasi kinaweza kutoboa ngozi, na tarehe 8 Desemba 1891 akapata hataza ya mashine ya kwanza ya tatuu ya umeme. Mashine za koili zilizofuata hufanya kazi kama kengele ya mlangoni: waya wa shaba uliosokotwa unageuka sumaku, unavuta kipande cha chuma, umeme unakatika, springi inakirudisha, umeme unarudi. Hilo hutokea makumi ya mara kwa sekunde, na ndiyo ile sauti ya nyuki aliyenaswa ndani ya kopo.

Sasa mtazame fundi aliyeiva.

Ananawa, anavaa glovu, ananyoa vinyweleo kwa wembe mpya hata kama wewe huvioni, anafuta kwa spiriti. Halafu anakuambia usimame. Wengi huwa wameshalaza mkono mezani wakidhani kazi imeanza, kumbe yeye anataka usimame wima na kuuacha mkono uning'inie kama unasubiri daladala. Ana sababu. Kigasha, yaani hapo kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili inayopishana kila ukigeuza kiganja, na ngozi hujisokota pamoja nayo. Duara lililobandikwa kiganja kikiwa kimeelekea dari litakuwa yai utakapoanza kutembea. Kwa hiyo anabandika stensili mkono ukiwa umetulia, anaibandua karatasi, mistari ya zambarau inabaki kwenye ngozi. Anarudi nyuma hatua mbili. Akiona mstari wa kati umelalia upande, anafuta na kuanza upya. Nampenda sana fundi anayefuta stensili mara ya tatu bila kuona haya mbele ya mteja mwenye haraka.

Anangoja ikauke. Kisha mkono wa kushoto unaingia kazini, ule ambao watazamaji hawautazami. Vidole vinaivuta ngozi pande tatu hadi ikaze kama ya ngoma iliyoota moto. Ngozi ikilegea, sindano inairukisha na mstari unatoka na mawimbi. Mkono wa kulia ndio unaochora, lakini nusu ya ufundi iko kushoto.

Anaanzia chini. Angeanzia juu, kila anapopangusa wino uliozidi angefuta stensili ambayo bado hajaifikia. Wala halichori duara kwa mkupuo mmoja, maana hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzunguka hivyo bila kusita. Analigawa matao. Nembo hii, kwa bahati nzuri, inampa viungo vinne: juu, chini, na pale miguu miwili ya mshazari inapogusa duara. Maungio ya matao anayaficha hapo, kama mshonaji anavyoficha fundo chini ya pindo. Mwendo hautoki vidoleni, unatoka kwenye kiwiko na bega. Akifika mwisho wa tao hang'oi sindano ghafla. Anainyanyua huku mkono bado unakwenda, kama ndege inavyoiacha njia ya kurukia, na tao linalofuata linatua juu ya mkia wa lile la kwanza. Akipangusa, huoni palipoungwa. Pitisha kidole siku itakapopona, hutapahisi.

Mahali pa hatari ni katikati. Mistari mitatu inakutana kwenye nukta moja, na asiyejua ataipeleka yote hadi hapo, kila mmoja kwa nguvu ile ile. Ngozi iliyochomwa mara tatu mahali pamoja huchoka, wino huvuja kwa chini, na baada ya mwezi kuna doa la bluu lenye kingo zisizoeleweka. Fundi anauchora kwanza mstari wa wima, anauacha utulie, kisha ile miwili ya mshazari anaiishiliza ubavuni mwake, ikigusa tu bila kupanda juu yake. Jicho linaunganisha lenyewe.

Halafu kuna hesabu ya nafasi tupu, ambayo kwangu ndiyo inayomtenga fundi na mchoraji wa kawaida. Mistari ile inaligawa duara vyumba vinne. Viwili vya juu ni vipana, nyuzi 135 kila kimoja. Viwili vya chini ni vyembamba, nyuzi 45 tu. Wino hutanuka mwilini mwaka hadi mwaka, kidogo kidogo, na vyumba vya chini ndivyo vinavyoziba kwanza. Nembo iliyokuwa maridadi siku ya kwanza inageuka kitufe cheusi ikiwa ilichorwa ndogo kupita kiasi. Kwa hiyo anayeomba awekewe kidoleni, ukubwa wa punje ya mahindi, hujibiwa hapana na fundi mwaminifu, hata kama kodi ya chumba imefika. Ngozi iliyo wazi ni sehemu ya mchoro kama ulivyo wino, na lazima iachiwe nafasi ya kuzeeka.

Kina nacho kina siri yake. Sindano inatakiwa kuingia kama milimita moja hadi mbili, ivuke ngozi ya juu na kufika ya ndani. Ngozi ya juu hubanduka na kujiotesha upya kila baada ya wiki chache. Wino ukibaki hapo utaondoka nayo. Ukizama mno, utasambaa kwenye mafuta. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionesha kwamba wino hushikwa na chembe hai za kinga zinazomeza uchafu mwilini. Chembe ikifa, inautema wino, na chembe mpya iliyo jirani inaumeza pale pale. Yaani tatuu haijakaa tu kama rangi ukutani. Inapokezanwa, mkono kwa mkono, maisha yote ya mwenye mwili.

Kwenye ngozi nyeusi kazi hii inataka adabu zaidi. Rangi yetu iko kwenye ngozi ya juu na wino uko chini yake, kwa hiyo tunauona wino kupitia rangi yetu wenyewe, kama kokoto chini ya maji ya chai. Mstari mwembamba mno hupotea, na rangi hafifu hazionekani. Anayebonyeza sana ili weusi ukolee anaweza kuacha kovu lililovimba, na ngozi zetu huvimba makovu kuliko nyingi. Dawa yake ni mstari mnene, mweusi, uliopitishwa mara moja kwa mkono mwepesi. Bahati njema ni kwamba nembo ya Holtom haidai rangi nyingine. Beji zake za kwanza zilikuwa nyeusi juu ya nyeupe, na weusi unaotumika sana katika wino wa tatuu hadi leo ni kaboni, masizi yale yale ya mafundi wa Kimakonde.

Najua wasomaji wangu wengi, Waislamu na Wakristo, hawatachora tatuu kwa sababu ya imani yao, na mimi siwashawishi. Lakini aliyewahi kukaa karibu na mama wa Lamu au Unguja anapompaka bibi harusi hina, akaona tone linavyoongozwa bila kuinuliwa hadi likafunga duara kiganjani, ataitambua heshima ninayoizungumzia. Ni mkono ule ule, pumzi ile ile inayozuiwa mstari unapofika mwisho.

Sasa turudi kwenye mikono ya yule mkulima. Holtom alipokuwa mtu mzima zaidi aliijutia ile huzuni aliyoichora. Alitamani nembo ipinduliwe, mikono iinuke, iwe ya matumaini. Alifariki mwaka 1985, na ilikuwa nia yake kwamba kaburi lake liwekewe nembo iliyopinduliwa hivyo. Jiwe lililowekwa huko Hythe, mkoa wa Kent, lina nembo ya kawaida, mikono chini.

Ila kwenye kigasha mambo ni mengine. Fundi anayeibandika nembo ikiwa imesimama sawa wakati mkono unaning'inia, mistari ya mshazari ikielekea kiganjani, amekupa zote mbili. Ukitembea barabarani, ni mtu wa Holtom wa 1958, mikono imeanguka. Ukiinua mkono kumpungia rafiki ng'ambo ya barabara, au kuomba kuongea kwenye mkutano, nembo inageuka pamoja na mkono, na yule mtu anakuwa ameinua mikono yake juu, kama mkulima wa Goya.

Ikiwa unakusudia kuichora, usiangalie picha za kazi iliyopangushwa dakika tano zilizopita, maana siku hiyo kila duara ni zuri. Mwombe fundi akuoneshe moja aliyoichora miaka mitano nyuma, kwenye ngozi ya rangi yako, uvitazame vyumba viwili vya chini. Vikiwa bado wazi, simama wima, uache mkono uning'inie, na umwachie kazi.